Naomba ushauri: pasipoti mpya ya mke wangu, kibali kimebaki kwenye ya zamani

Habari za jioni ndugu zangu. Niko Ujiji, Kigoma, nauza mawese na dagaa. Mke wangu ni Mrundi, tumefunga ndoa, na anaishi hapa kwa kibali cha mtegemezi kutoka Uhamiaji. Kitambulisho cha NIDA cha mkazi mgeni alishapata.

Pasipoti yake iliisha, akaenda Bujumbura akapata mpya. Sasa namba zimeachana: kibali kina namba ya pasipoti ya zamani. Wiki iliyopita, akienda Tabora kwa basi, alishushwa kwenye ukaguzi karibu nusu saa. Bahati alikuwa na zote mbili kwenye mkoba (mimi nilikuwa nimemwambia ile kuukuu aiache nyumbani, mnaona ushauri wangu!).

Kibali kinaisha baada ya miezi miwili. Je, tuombe kwanza kihamishiwe pasipoti mpya, au tusubiri tuombe kipya moja kwa moja? Na NIDA twende kabla au baada ya hapo? Vishoka wameshaanza kunipigia simu, hao siwataki. Aliyepitia hili anisaidie, hasa mlio Kigoma.