Kusoma MBA ukiwa kazini Kigoma: niangalie nini kabla ya kulipa ada?

Binti_Mwanga:
Wakuu, shikamooni. Nina shahada ya kwanza ya ualimu, GPA 2.9, niko kwenye ajira hapa Kigoma mjini na kuhama haiwezekani. Nataka kusoma uzamili wa usimamizi wa biashara. Je, ualimu wangu utanizuia? Na hesabu za fedha zinahitaji maandalizi gani kwa mtu ambaye hakusoma uhasibu? La mwisho ni utafiti, maana nasikia wengi wanakwama hapo.

Mzee_wa_Gungu:
Marahaba. GPA 2.9 inakuingiza, kwa mizani ya pointi tano, daraja la pili la chini linaanzia 2.7. Mwenye 2.0 hadi 2.6 ndiye kwa kawaida huelekezwa apitie kwanza stashahada ya uzamili. Ualimu si kizuizi kwa MBA ya kawaida. Zenye masharti ya fani ni zile za uzamili wa sayansi katika fedha au uhasibu, kwa hiyo soma sifa za kozi yenyewe, usiishie kwenye jina la chuo.

Kwa asiyeweza kuhama, njia ya karibu ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho kina kituo cha mkoa hapa Kigoma na kingine Tabora. Madarasa ya jioni ya Dar es Salaam ni mazuri kwa anayeishi Dar es Salaam, basi. Kozi za mtandaoni za nje zipo, ila hakikisha kabla ya kulipa kwamba chuo kinatambuliwa na mamlaka ya elimu ya nchi yake, kwa sababu cheti hicho kitakuja kupimwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania). Ukiona tangazo la MBA ya miezi mitatu bila mtihani, funga ukurasa.

Sasa muda, ambao watu hawaupigii hesabu. Uzamili nchini ni krediti 180 kwa uchache, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: vipindi, kusoma, majaribio, utafiti, vyote humo. Jumla saa 1,800. Gawa kwa wiki 104 za miaka miwili, unapata saa 17 na ushee kwa wiki, yaani mbili kila siku ya kazi na tatu na nusu Jumamosi na Jumapili. Ukitaka kumaliza kwa miezi 18 zinafika 23. Kama wewe ni mtumishi wa umma, barua ya ruhusa ya masomo itangulie kwa mwajiri kabla hujajisajili. Ukiianza wakati mitihani imekaribia utagombana na watu bure.

Hesabu_Safi:
Dada, fedha haihitaji hisabati ya kutisha. Inahitaji asilimia, vipeo na nidhamu ya kuandika mwaka mmoja kwenye safu moja ya Excel. Kabla ya muhula wa kwanza jifunze kusoma taarifa tatu: mapato na matumizi, mizania, na mtiririko wa fedha taslimu. Ukielewa kwa nini duka linaweza kuonyesha faida huku droo haina kitu (mali imekopeshwa), nusu ya somo umeimaliza.

Chukua mfano wa mashine ya kukamua mawese. Bei ni shilingi 12,000,000 na inaingiza 5,000,000 safi kila mwaka kwa miaka mitatu. Kwa macho, faida ni 3,000,000. Lakini mtaji wako ukigharimu 18% kwa mwaka, unagawa mapato ya mwaka wa kwanza kwa 1.18, ya pili kwa 1.18 kipeo cha 2, ya tatu kwa kipeo cha 3. Vizidishio ni 0.8475, 0.7182 na 0.6086, jumla 2.1743. Thamani ya leo ya mapato yote ni karibu 10,871,000, kwa hiyo unapoteza kama 1,129,000. Rudia kwa 12%: jumla ya vizidishio ni 2.4018, na thamani inafika 12,009,000, karibu sawa na bei. Basi mashine hii inabeba mtaji wa 12% tu. Mkopo wa juu ya hapo unamla mmiliki.

Makosa yanayofelisha ni mawili. La kwanza ni kutoa uchakavu kana kwamba ni fedha iliyotoka mfukoni, wakati fedha ilitoka siku ya kununua. Uchakavu unaingia pale unapokokotoa kodi tu. La pili ni kutoa riba ya mkopo kwenye mapato halafu kupunguza tena kwa kiwango kilekile cha 18%. Riba imeshahesabiwa humo, umeitoza mara mbili.

Binti_Mwanga:
Ahsanteni sana. Kwenye utafiti nilifikiria "Mchango wa mikopo midogo katika maendeleo ya wafanyabiashara wa dagaa Kigoma". Inafaa?

Kibirizi_Mwaloni:
Hapana, kwa jinsi ilivyo. "Maendeleo" utayapima kwa nini? "Kigoma" ni mkoa mzima, na wengi wa hao wachuuzi hawana daftari. Mada hupimwa kwa swali moja kabla ya msimamizi hajaiona: takwimu ziko mikononi mwa nani, na atanipa? Kama hujui jibu, huna mada bado.

Ibane. Mathalani: je, wachuuzi wa mwalo (mahali mitumbwi inaposhushia samaki) wa Kibirizi waliokopa kwa marejesho ya kila wiki wanauza dagaa kwa haraka na kwa bei ya chini kuliko wenye marejesho ya mwezi? Hapo unapima vitu vinavyohesabika: kiasi cha mkopo, siku za marejesho, ndoo zilizonunuliwa, bei ya kuuzia, siku bidhaa ilizokaa. Tena ni swali la usimamizi kweli, linahusu mtaji wa kuendeshea biashara.

Kalenda ya ziwa iangalie kabla ya kalenda ya chuo. Dagaa huvuliwa kwa taa, kwa hiyo usiku wa mbalamwezi mitumbwi mingi hupumzika. Ukienda mwaloni siku hizo utawakosa watu au utakuta wasiofanana na wa kawaida. Mwaka 2024 upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika ulifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Aliyepanga kukusanya data Juni aone mwenyewe. Uliza ofisi ya uvuvi kuhusu ratiba ya mwaka wako kabla hujaandika tarehe kwenye pendekezo.

Vibali vina ngazi: barua ya chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kutoka hapo wilayani na halmashauri, kisha mtendaji wa kata, ndipo viongozi wa mwalo. Tembea na nakala kadhaa. Ukiruka ngazi moja, mtu wa chini atakurudisha, na ana haki.

Hojaji iandike kwa Kiswahili hata kama tasnifu ni ya Kiingereza. Ijaribu kwa watu 15 hadi 20 wa mwalo mwingine, wasiwe wale utakaowatumia baadaye. Kipimo cha Cronbach (kinachoonyesha kama maswali ya jambo moja yanakubaliana) kikiwa chini ya 0.7, kagua maswali yanayopingana. Na usijaze ngazi tano za "nakubali sana" ukurasa mzima: mtu mwenye haraka hujibu "nakubali" mpaka mwisho ili uondoke. Uliza kiasi, siku na shilingi.

Urambo_Leo:
Naongeza kwa walioko Tabora. Wakulima wa tumbaku wana jambo moja jema kwa mtafiti: AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa mazao) ina rejista ya wanachama, kwa hiyo fremu ya sampuli, yaani orodha ya kuchagulia watu, ipo tayari. Pitia kwa afisa ushirika. Tuseme AMCOS tatu zina wanachama 120, 80 na 40, jumla 240. Kwa fomula ya Yamane ya kupata ukubwa wa sampuli, na kosa la 5%, unagawa 240 kwa 1.6 (yaani 1 + 240 × 0.05 × 0.05), unapata 150. Zigawe kwa uwiano: 75, 50, 25. Andaa hojaji 170, maana kuna watakaokosekana. Usiende siku ya soko la tumbaku. Akili ya mkulima iko kwenye mzani.

Binti_Mwanga:
Na kama mwaloni hakuna rejista nifanyeje? Yamane inataka idadi kamili.

Kibirizi_Mwaloni:
Tengeneza orodha mwenyewe. Kaa mwaloni asubuhi kadhaa za siku za giza, andika kila mchuuzi anayenunua, mpe namba badala ya jina, kisha chagua kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha hiyo. Kwenye sura ya tatu, ya mbinu za utafiti, eleza tarehe na saa ulizohesabu, na useme wazi kwamba wachuuzi wa msimu mwingine hawamo. Swali hilo utaulizwa kwenye utetezi, bora likukute umeshalijibu.