MJADALA: Je, ilikuwa haki Anna Vyakhireva kuikosa Olimpiki ya Paris?

Mleta mada:
Wakuu, hili suala linaniuma, naomba tulijadili bila matusi.

Vyakhireva, mzaliwa wa Volgograd, alichaguliwa mchezaji bora wa mpira wa mikono katika Olimpiki mbili mfululizo. Rio 2016 Urusi ilibeba dhahabu kwa kuifunga Ufaransa 22–19. Tokyo, Ufaransa hiyohiyo ikalipiza 30–25, lakini tuzo bado ikaenda kwa yule dada. Si mrefu, na anacheza upande wa kulia wa safu ya nyuma, kwenye msitu wa mabeki waliomzidi kimo. Anatumia mkono wa kushoto. Anaanza kama anakwenda nje, beki anahamisha mguu kumfuata, na kabla mguu haujatua yeye ameshapenya ndani na mpira uko wavuni. Mimi sijaona mwingine wa kizazi chake anayefanya hivyo kwa kasi ile.

Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine, na shirikisho la mpira wa mikono la Ulaya likazifungia timu za taifa na klabu za Urusi. Rostov-Don, klabu aliyoichezea kwa miaka, ikatupwa nje ya Ligi ya Mabingwa. Yeye akahamia Norway, klabu ya Vipers Kristiansand, na 2023 wakatwaa Ligi ya Mabingwa kwa kuifunga FTC, klabu ya Hungary, 28–24 mjini Budapest. Hakuna aliyemzuia kucheza.

Halafu ikaja Paris 2024. Mirra Andreeva na Diana Shnaider, Warusi, wakaruhusiwa kucheza tenisi kama wanamichezo wasio na bendera, wakapata medali ya fedha wakiwa wawili upande mmoja wa wavu. Warusi wa mpira wa mikono hawakuruhusiwa kabisa, kwa sababu ni mchezo wa timu. Sasa wawili wa tenisi si timu, ila saba wa mpira wa mikono ni timu?

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, tofauti ipo. Wale wa tenisi wanazunguka dunia kwa majina yao, wanajilipia makocha wao. Timu ya taifa ya mpira wa mikono inateuliwa na shirikisho la nchi. Tokyo walicheza kwa jina la ROC, yaani kamati ya Olimpiki ya Urusi, bila bendera wala wimbo wa taifa, adhabu ya kashfa ya dawa za kuongeza nguvu michezoni. Nani hakujua ile ni Urusi?

Na mbona upande wa pili hukuutaja? Klabu ya wanaume ya Motor Zaporizhzhia ililazimika kukimbia Ukraine, ikacheza msimu wa 2022/23 daraja la pili Ujerumani kama mgeni, mechi za nyumbani zikawa Düsseldorf. Waliokosa nyumba ndio wa kuwaonea huruma kwanza.

Mchangiaji wa pili:
Mimi naongezea jambo moja. Kwenye tenisi, Svitolina wa Ukraine anacheza na Mrusi, mechi ikiisha anaondoka bila kumpa mkono. Wavu uko katikati, inawezekana. Mpira wa mikono ni dakika 60 za kukumbatiana kifua kwa kifua, kushikana jezi na kuangushana. Utawaambiaje mabinti ambao kaka zao wako vitani wakabiliane hivyo na jezi ya Urusi?

Mleta mada:
Ndugu yangu wa pili, hoja yako ni nzito na sina la kuipinga kwa upande wa timu ya taifa. Na Zaporizhzhia nawaonea huruma tena sana. Ila kamati ya Olimpiki haikutoa sababu hizo. Ilisema mwanamichezo asibebeshwe dhambi za serikali yake, kisha ikawabebesha wa timu peke yao. Kama wangewafungia wote mpaka vita viishe, kanuni hiyo ningeielewa. Vyakhireva alikuwa na miaka 29 Paris ilipofika, Los Angeles atakuwa na 33. Kwa mchezo wa kugongana namna hii, 33 ni mingi.

Mwenye hoja ya kuwatenganisha wawili na saba, bado namsubiri.