Nimeuziwa MP5 ambayo sheria ya Marekani hainiruhusu kuimiliki, na muuzaji anasema biashara imekwisha

Wakuu, salaam. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sitaificha, ingawa nitajitahidi kuliweka jambo kwa utaratibu ili anayetaka kubishana abishane na hoja. Muuzaji wa bunduki za rashasha, mwenye leseni ya serikali kuu ya Marekani na kibali cha silaha za daraja hili, mwenye duka katika jimbo linalopakana na Texas ninakoishi, amepokea kwangu dola 19,500 kwa MP5, rashasha ndogo ya Kijerumani, ambayo alijua tangu siku ya kwanza kwamba mimi, raia wa kawaida asiye na leseni ya biashara ya silaha, siwezi kukabidhiwa. Jina lake silitaji hapa kwa sababu suala liko kwa mwanasheria, kwa hiyo naomba msinibane kwa hilo.

Najua wapo watakaouliza, hasa mlioko Dar na Nairobi, raia anauziwaje rashasha. Anauziwa, kwa masharti. Sheria ya Taifa ya Silaha ya mwaka 1934 haikuzipiga marufuku. Iliamuru kila moja iandikishwe katika daftari la serikali kuu, na kila inapohamia kwa mmiliki mpya ilipiwe kodi ya dola 200, fedha ambayo enzi hizo ilikaribia bei ya rashasha mpya ya Thompson. Kwa rashasha, kodi hiyo haijawahi kubadilika. Hata mabadiliko yaliyoanza Januari 2026, ambayo yamewafutia kodi wanunuzi wa sailensa na bunduki za mtutu mfupi, yameiacha rashasha na dola zake 200 kama zilivyokuwa. Mnunuzi anajaza Fomu 4, anaweka picha na alama za vidole, anapeleka nakala kwa mkuu wa polisi wa eneo lake, kisha anasubiri idhini ya ATF, ambayo ndiyo idara inayotunza daftari. Yapo majimbo, California na New York yakiwemo, ambayo hayaruhusu raia kumiliki rashasha hata kwa utaratibu huo, lakini Texas inaruhusu.

Baada ya hapo kuna tarehe mbili ambazo kila muuzaji wa bidhaa hii anazijua, na ndizo kiini cha malalamiko yangu. Ya pili ndiyo maarufu: tarehe 19 Mei 1986 Rais Reagan alitia saini sheria ambayo ndani yake kilikuwamo kifungu cha mbunge William Hughes wa New Jersey, kinachomzuia raia kumiliki rashasha yoyote isipokuwa zile zilizokuwa zinamilikiwa kihalali kabla ya siku hiyo. Daftari likafungwa kwa raia. Zilizobaki katika mzunguko wao ni kama 175,000 tu kwa nchi nzima, hazitaongezeka, na ndiyo maana kipande cha chuma ambacho jeshi linanunua kwa fedha ya kawaida kabisa, raia anakinunua kwa bei ya gari jipya.

Tarehe ya kwanza haitajwi sana kwenye matangazo, nami nadhani haitajwi kwa makusudi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 1968 ilizuia rashasha kuingizwa kutoka nje kwa ajili ya raia. Tangu wakati huo, rashasha ya Ujerumani, Ubelgiji au Israeli iliyovuka mpaka iliingia kwa ajili ya polisi na majeshi, au iliingia kama sampuli ya wauzaji wenye leseni, ili wapate kuwaonyesha polisi wanachotaka kuwauzia. Sampuli zilizoingia kati ya 1968 na Mei 1986 zimesajiliwa kihalali kabisa. Muuzaji mwenye kibali anaweza kumuuzia muuzaji mwenzake, na hata akifunga biashara anaruhusiwa kubaki nayo. Kitu kimoja hakiwezekani: kuhamishiwa kwa raia kwa Fomu 4.

Sasa someni tangazo lilivyosema: MP5 halisi ya Ujerumani, ya kabla ya 1986, imesajiliwa, karatasi safi. Hakuna neno moja hapo ambalo ni uongo, na hicho ndicho kinachonichefua kuliko yote, kwa sababu aliyeandika alikuwa anajua anachokificha. Sikuridhika na tangazo peke yake. Nilimwandikia barua pepe nikamuuliza waziwazi iwapo bunduki hii inahamishika kwa mtu binafsi kwa Fomu 4, naye akanijibu kwa maandishi kwamba ndiyo, ni ya kabla ya 1986, utaratibu ni ule ule wa kawaida, na kwamba bei yake imekuwa nafuu kwa sababu rangi ya bodi imechubuka na warithi wa mmiliki wanataka kuiondoa haraka. Barua hiyo ninayo. Alitaka fedha yote ilipwe kwa uhamisho wa benki kabla hajaanza makaratasi, jambo ambalo katika biashara hii si geni, kwa kuwa wauzaji wengi hawapeleki maombi ya kuhamisha silaha ya bei hiyo bila kulipwa.

Kwa kuwa yuko jimbo jingine, bunduki ilipaswa kwanza ije kwa muuzaji wa hapa kwetu mwenye kibali kama chake, kwa Fomu 3, ambayo haina kodi, halafu huyo wa hapa ndiye anipelekee maombi yangu ya Fomu 4. Fomu 3 ikapita bila tatizo. Mnaona ujanja ulipo? Uhamisho wa muuzaji kwa muuzaji ni halali kwa sampuli, kwa hiyo hatua ya kwanza haiwezi kukwama, na inapopita muuzaji wa mbali anakuwa tayari ameshatoa mzigo dukani kwake, ameshapokea fedha, na tatizo limehamia Texas.

Aliyeligundua ni huyo muuzaji wa hapa, mzee mmoja mtaratibu ambaye amekaa katika kazi hii miaka mingi, na namshukuru. Aliiweka ile bunduki juu ya kitambaa mezani, akaigeuza chini ya taa, akanionyesha maandishi yaliyochongwa kwenye bodi: MP5, namba yake, kisha pembeni herufi mbili, I na C. Kiwanda cha Heckler & Koch huandika mwaka kwa herufi zinazosimama badala ya tarakimu, A ikiwa sifuri, B moja, C mbili, na kuendelea hadi I ambayo ni nane na K ambayo ni tisa. IC ni 82. Bunduki imetengenezwa mwaka 1982, miaka minne kabla ya mlango wa pili kufungwa na miaka 14 baada ya mlango wa kwanza kufungwa. Alipoiweka nakala ya karatasi za zamani kando yake, palikuwa pameandikwa kwamba iliingizwa nchini kama sampuli ya mauzo. Akanitazama, akaniambia kwa upole kwamba yeye anaweza kuitunza kwenye sefu yake hadi siku atakayostaafu, lakini mimi nikiondoka nayo mlangoni nitakuwa nimetenda kosa lenye kifungo cha hadi miaka 10.

Mtu aliyezoea bidhaa hii hawezi kudai kwamba hakujua. MP5 ambazo raia wa Marekani wanamiliki kihalali kwa kawaida hazikuingia zikiwa MP5. Nyingi ni HK94, karabini ya mtutu mrefu iliyokuwa ikifyatua risasi moja moja, ambayo iliingizwa miaka ya 1980 kama bunduki ya kawaida, halafu ikageuzwa hapa hapa Marekani na mafundi wenye leseni. Kilichosajiliwa mara nyingi ni kipande kidogo tu cha ndani kinachoshika nyundo, na mtu analipa fedha nyingi kwa ajili ya hicho kipande na karatasi yake, siyo kwa ajili ya bunduki inayokizunguka. Bunduki ya namna hiyo bodi yake husomeka HK94. Bodi inayosomeka MP5 na mwaka wa baada ya 1968 inapaswa kumshtua hata mwanafunzi wa mwezi wa kwanza dukani, sembuse mtu ambaye kila mwaka anailipia serikali kodi maalumu kwa sababu hii ndiyo kazi yake.

Nilipompigia simu kumweleza, aliniambia kwanza kwamba maombi ya Fomu 3 yaliidhinishwa, kwa hiyo ATF yenyewe imethibitisha kuwa bunduki haina kasoro, na biashara kati yetu imekwisha. Nilipomkumbusha swali langu la Fomu 4 na jibu lake la maandishi, alibadilisha wimbo akasema angeweza kuipokea tena, ila kwa makato ya asilimia 20 na gharama za usafirishaji juu yangu. Halafu, na hapa nilishindwa kujizuia nikapandisha sauti, akanishauri nikate leseni ya biashara ya silaha mimi mwenyewe ili niweze kuimiliki, kana kwamba leseni hiyo ni kadi ya maktaba. Leseni hiyo hupewa mtu anayekusudia kweli kufanya biashara. Kuiomba kwa nia ya kujipatia bunduki moja ya kuweka nyumbani ni kuidanganya serikali kuu, na mtu aliyesajiliwa na serikali hiyo hiyo ananishawishi nifanye hivyo kwa simu bila hata kushusha sauti. Mwisho alinitajia HK94 iliyogeuzwa, ambayo ingehamishika kwa raia bila shida, kwa bei inayozidi mara mbili ya fedha niliyolipa, akasema zile dola zangu atazihesabu kama malipo ya awali.

Wapo watakaosema bei ndogo ilitakiwa initie shaka. Ilinitia shaka, na ndiyo maana niliuliza kwa maandishi. Mtu aliyeulizwa swali sahihi akatoa jibu la uongo hana haki ya kujificha nyuma ya udadisi wa mteja wake. Wengine watasema ni makosa ya kawaida ya karani. Nakataa. Karani anayekosea hukosea huku na kule, lakini duka hili, katika matangazo yake mengine ambayo nimeyapitia baada ya kupatwa na haya, linaandika neno sampuli kwa ukamilifu kila linapotangaza bunduki kwa wauzaji wenzake, na linaliacha neno hilo pale tu linapotangaza kwa umma.

Hatua niliyofikia ni hii. Mwanasheria wangu ametuma barua ya madai chini ya sheria ya Texas dhidi ya ulaghai wa kibiashara, ambayo inamtaka mlalamikaji atoe notisi ya siku 60 kabla ya kufungua kesi, na ambayo inaipa mahakama uwezo wa kuongeza fidia hadi mara tatu ikithibitika kwamba mhusika alidanganya akijua. Nadai fedha yote bila makato, nadai yeye ndiye ajaze na kugharimia Fomu 3 ya kuirudisha kwake, na nadai gharama za utunzaji anazostahili kulipwa yule mzee wa hapa, ambaye sefu yake sasa ina mzigo asiouomba. Malalamiko mengine nimeyapeleka ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo, kitengo cha wateja.

Ninachowaomba wanajamvi mlioko Marekani ni kitu mahususi. Kama kuna mwenzetu aliyewahi kuuziwa sampuli namna hii akarudishiwa fedha, aniambie ilikuwa kwa njia ya mahakama au kwa makubaliano, na kama muuzaji aliyekuwa jimbo jingine alikubali kushtakiwa Texas au alilazimisha kesi iende kwake, kwa maana mkataba wangu una kipengele kinachotaja mahakama za jimbo lake na mwanasheria wangu bado anakitafakari. Wenye uzoefu naomba mniandikie hapa hapa kwenye uzi au faragha. Nyaraka zote ninazo, nami niko tayari kuzionyesha kwa atakayehitaji, zikiwa zimefunikwa majina na namba ya bunduki.