Cranes na Taifa Stars Jumamosi: tuwapime mmoja mmoja

Mpakani_Mutukula (Alhamisi, 25 Desemba 2025, saa 3 asubuhi)

Wapenzi wa Cranes na majirani zetu wa ng'ambo, heri ya Krismasi. Keshokutwa saa mbili na nusu usiku kwa saa zetu, Cranes wetu wa Uganda na Taifa Stars wa Tanzania wanakutana Rabat, Morocco, kwenye kundi la Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON), na mimi tangu Jumanne usingizi umekuwa wa shida. Sisi tumepigwa 3-1 na Tunisia. Wao wamepigwa 2-1 na Nigeria kule Fez. Wote tuko sifuri. Atakayepoteza Jumamosi anabaki na mchezo mmoja wa kuombea dua, sisi na Nigeria, wao na Tunisia.

Swali langu ni hili. Tukiwapandisha kwenye mizani bila upendeleo, nani mzito? Na ungekuwa wewe ndiye Paul Put, kocha wetu, ungeanza vipi: unawafuata tangu filimbi ya kwanza, au unakaa nyuma ungoje wakosee?

Naanza mwenyewe.

Golini tuko mbele. Denis Onyango alishaaga timu ya taifa mwaka 2021, akarudi kwa ajili ya mashindano haya akiwa na miaka 40, na nyuma yake yupo Salim Jamal ambaye anaweza kusimama katika lango lolote la kanda hii.

Beki wa kati, nasema ukweli, wao wametuzidi. Ibrahim Bacca na Dickson Job wanacheza pamoja Yanga kila wiki, mmoja akipanda mwenzake anajua pa kuziba. Wetu wamekutana ukubwani. Capradossi amezaliwa Kampala lakini soka lake ni la Italia, Sibbick na Obita ni wa Uingereza. Mmoja mmoja ni wazuri. Lakini rudia lile bao la kwanza la Tunisia: kona, kichwa cha Skhiri, dakika ya 10 tu. Beki waliozoeana hawafungwi hivyo.

Kiungo ni Aucho dhidi ya Feisal Salum, na hapo ndipo mechi ilipo. Mbele wao wana Samatta na Msuva, wazoefu. Sisi tuna miguu: Mato, Omedi, Mukwala, Okello.

Kwangu mizani inakaa sawa, na kwa sababu hiyo nasema tuwafuate mapema.

Mbongo_wa_Kikuubo (saa 3:40 asubuhi)

Kaka wa Mutukula, umepima kwa haki, asante. Niko Kampala mwaka wa tisa nauza vitenge, watoto wangu wawili wamevaa jezi ya Cranes asubuhi hii mezani, kwa hiyo nazijua timu zote mbili.

Umesahau kitu kikubwa: benchi la ufundi. Sisi tumebadilisha kocha mwezi uliopita, yupo Miguel Gamondi. Huyu amemfundisha Aucho Yanga, akamkuta tena Singida Black Stars. Anajua mguu anaopendelea kugeukia, anajua akibanwa anarudisha mpira wapi, anajua dakika ambayo pumzi inaanza kupungua. Mtasema Aucho anawajua vijana wetu. Sawa. Na sisi tunamjua Aucho kuliko Paul Put anavyomjua.

Halafu Novatus Miroshi hamjamtaja. Yuko Göztepe ya Uturuki, anakaba, anapasua, anacheza beki na kiungo. Mkimwacha Okello aingie katikati, atakutana naye huyo.

Na Msuva na Uganda ni hadithi ndefu. Machi 2019 Dar alifunga. Machi 2023 Ismailia alifunga. Mtu huyo akiona jezi yenu miguu inamwasha.

Mzee_wa_Bombo (saa 4:15 asubuhi)

Wanangu, heri ya sikukuu kwenu mnaoisherehekea.

Mimi nimeanza kufuata Cranes wakati wa Philip Omondi. Mwaka 1978 tulifika fainali Accra, Ghana wakatufunga 2-0, na redio ya baba yangu ilizimwa pale pale, hakuna aliyekula usiku ule. Tukakaa miaka mingi nje, mpaka 2017. Kwa hiyo mtu akiniambia twende tukashambulie tangu dakika ya kwanza, namwomba apunguze mwendo.

Sikilizeni. Tanzania wameshiriki mara tatu kabla ya hii: 1980, 2019 na iliyopita kule Ivory Coast. Hawajashinda hata mchezo mmoja wa fainali hizi. Vijana wa hapa Bombo wanalisema jambo hili kwa furaha, mimi linanitia hofu. Wakiangalia kundi lao, Nigeria ameshapita juu yao, Tunisia yuko mwisho. Wameizungushia duara mechi gani? Ni hii yetu. Watakuja na njaa ya miaka 45.

Mtu mwenye njaa hapigiwi mbio, anaachwa akimbie yeye. Kaeni kwa nidhamu kipindi cha kwanza, kabeni katikati, funga mlango wa Feisal. Dakika ya 60 ikifika, wao ndio watakaokuwa wamefungua nyuma. Hapo ndipo unaingiza miguu ya vijana.

Dada_wa_Namboole (saa 5 asubuhi)

Mzee wangu, shikamoo. Nakuheshimu sana, ila hapa nitakupinga.

Agosti nilikuwa uwanja wa Namboole siku ya Afrika Kusini, mashindano ya CHAN, yale ya wachezaji wa ligi za ndani. Nilikaa upande wa mashariki, mvua ilikuwa imetunyeshea mchana, viti vyote vimelowa, tumekalia mifuko ya plastiki. Tukatangulia, halafu tukarudi nyuma kukaba, kama unavyoshauri. Likaingia la kwanza, la pili, la tatu. 3-1. Jirani yangu alishashika mwavuli aondoke. Timu ilipoacha kuogopa, ikapanda yote, ndipo zikapatikana penalti mbili za mwishoni, 3-3, na mwavuli ukaruka hewani. Cranes hii ya sasa haijui kulinda. Inajua kwenda. Ukiikalisha nyuma inapoteza akili.

Na hesabu nayo inataka ushindi. Makundi ni sita, wanapita wawili wawili pamoja na timu nne bora zilizoshika nafasi ya tatu. Mashindano yaliyopita Ivory Coast walipita kama mshindwa bora kwa pointi 3, wakaenda kulichukua kombe. Ghana na Zambia walikuwa na pointi 2, wakapanda ndege kurudi nyumbani. Sare Jumamosi inatuacha na 1, na mbele yetu ni Nigeria. Nani anataka kwenda Fez akihitaji kumfunga Osimhen na wenzake?

Sasa swali ambalo hamjaligusa: Okello au Mutyaba nyuma ya mshambuliaji? Watu wanachagua kwa mapenzi ya klabu, mimi naangalia kazi. Mutyaba anapenda mpira mguuni, anakokota, anavuta faulo. Okello anaona pasi kabla ya wengine, ule mguu wa kushoto unafungua mlango bila kubisha. Dhidi ya Bacca na Job waliozoeana, kumkokotea mtu hakusaidii, watakupokea wawili. Pasi ya nyuma ya migongo yao ndiyo dawa. Okello aanze, na Mato akimbie upande wa kushoto.

Boda_Arua (saa 5:20 asubuhi)

Dada kamaliza. Okello aanze. Sisi huku West Nile tumeshakubaliana stejini, hakuna anayebeba abiria kuanzia saa mbili kamili.

Mbongo_wa_Kikuubo (saa 6 mchana)

Dada, umesema kweli kuhusu Bacca na Job, na umenitia wasiwasi kidogo. Beki wetu wakivutwa juu, mgongoni huwa pana nafasi. Ila na nyinyi mkipanda wote, kumbukeni bao letu la M'Mombwa dhidi ya Nigeria. Tulisawazisha dakika ya 50 dhidi ya timu yenye Lookman na Osimhen. Ilichukua dakika mbili Lookman kuturudisha chini, lakini bao tulilipata. Hii Stars haiko kama ile ya 2019 iliyofungwa zote tatu.

Naomba pia tusisahau kwamba tunafanana mno. Agosti wote tulitolewa robo fainali ya CHAN kwa 1-0, sisi na Morocco, nyinyi na Senegal. Samatta alichukua tuzo ya mchezaji bora wa Afrika anayecheza ndani ya bara 2015, Onyango akaichukua 2016. Okwi wenu alipendwa Msimbazi, pale Simba, kama mtoto wa pale. Mukwala yuko Simba sasa hivi. Ukitaka kutofautisha timu hizi kwa majina kwenye karatasi utachoka.

Mpakani_Mutukula (saa 7 mchana)

Kaka wa Kikuubo, hilo la kufanana mimi naliishi. Kibanda changu kiko hatua chache kutoka mpakani, napokea shilingi za pande zote mbili mlangoni. Machi 2019 sisi tulishafuzu AFCON tayari, wao wanahitaji kushinda na Lesotho asishinde Cape Verde. Nilifunga kamba ya katani katikati ya mabenchi, Cranes kulia, Stars kushoto. Msuva akafunga, Erasto Nyoni akaweka penalti, Aggrey Morris akamaliza, 3-0. Zilipofika habari kwamba Lesotho ametoka sare, upande wa kushoto ulinyanyuka wote, kamba ikakatika, na mama mmoja muuza ndizi kutoka ng'ambo akanikumbatia huku analia. Walikuwa wamengoja tangu 1980. Siku ile nilifungwa mabao matatu na bado nilimfurahia yule mama.

Lakini niliona pia jambo ambalo linaniuma mpaka leo. Vijana wetu siku ile walikuwa wanatembea. Ukishafuzu unatembea, ukikalishwa nyuma unatembea. Halafu angalia Machi 2023. Namboole ilikuwa imefungwa, mechi ya nyumbani tukaichezea Ismailia, Misri, tukafungwa 1-0. Siku nne baadaye tukaenda Dar, uwanja umejaa, hakuna aliyetupa nafasi, na Mato akafunga mwishoni kabisa. Tulishinda pale ambapo tulilazimika kwenda mbele.

Kwa hiyo Mzee wa Bombo, nakuheshimu kama baba, ila niko na dada.

Mzee_wa_Bombo (saa 8 mchana)

Marahaba mwanangu, na wewe binti. Nimewasikia. Nakubali kwamba tukienda mbele tunaonekana Cranes. Basi nipeni kimoja tu: kona. Tunisia ametufunga kwa kona. Tanzania nao wana Bacca anayepanda kila mpira wa adhabu, na anaruka yule. Kama mtapanda, pandeni, lakini pale kwenye kona mtu mmoja apewe Bacca, jina lake liandikwe ubaoni, asimwache hata akienda kunywa maji. Mimi ningempa Capradossi.

Na penalti nani anapiga? Mechi kama hizi huja penalti. Jambo hilo liamuliwe hotelini, siyo pale uwanjani watu wakinyang'anyana mpira.

Dada_wa_Namboole (saa 8:30 mchana)

Nakubali yote mawili, mzee. Kuhusu mshambuliaji wa mwisho: Mukwala aanze, kwa sababu anawajua mabeki wa ligi ya Tanzania na wanamwogopa kidogo. Uche Ikpeazu abaki benchi kwa kipindi cha pili. Ana mwili mkubwa, Job ni mfupi. Akirushiwa krosi dakika ya 75 wakati Bacca amechoka, hapo ndipo utaona faida yake. Kama tutakuwa nyuma, huyo ndiye wa kuingia kabla ya mwingine yeyote.

Mbongo_wa_Kikuubo (saa 9 alasiri)

Hiyo ya Ikpeazu naiogopa kuliko zote mlizosema leo. Job ni mjanja ila urefu hakupewa.

Utabiri wangu 1-1, Msuva kwetu. Moyo wangu unasema 2-1. Aucho akianza kuchelewa kufika kwenye mpira mapema kipindi cha pili, mjue Feisal ameshapata nafasi yake.

Mpakani_Mutukula (saa 9:20 alasiri)

Nimeandika ubaoni pale kibandani: Okello anaanza, Mukwala mbele, Mato kushoto, Bacca ni wa Capradossi. Chini nimeacha nafasi ya matokeo.

Jumamosi milango wazi saa kumi na mbili jioni. Jenereta nimeipeleka kwa fundi leo ikabadilishwe plagi, na mafuta lita 10 yapo. Wa ng'ambo mje mapema, foleni ya mpakani siku za sikukuu mnaijua. Kamba safari hii sifungi, kaeni mtakapopata benchi.

Boda_Arua (saa 9:25 alasiri)

Onyango au Salim golini? Hapa stejini wamegawanyika nusu kwa nusu na bado wanabishana.