Pikapu za mtumba: tupeane uzoefu wa matatizo sugu, na zile zilizoitwa na kiwanda

Mpunga wa Ifakara
Wakuu, nataka kuongeza dabo kebini ya pili ya kubebea mpunga na mbolea. Sifa nimezisikia za kutosha, kila muuzaji anazo. Nataka aliyemiliki aseme kilichomtesa. Chapa ya gari lako usiitaje, tusije tukaitana mahakamani. Taja ubovu tu. Halafu tutenganishe mawili: kitu kuchakaa kwa matumizi, na kasoro iliyotoka nayo kiwandani hadi kampuni ikayaita magari kuyarekebisha bure. Hili la pili hapa kwetu halisemwi sana, na ndilo linaloweza kuua.

Fundi Nusu
Nianze na dizeli ya komoni reli, ile ambayo nozeli zake zote zinalishwa mafuta ya presha kubwa kutoka bomba moja, iliyokula kilomita nyingi. Yangu asubuhi ilikuwa inagonga, ikipata moto inatulia. Kila mtu ananiambia ndiyo dizeli hiyo. Baadaye kebini ikaanza kunuka moshi. Fundi alipofungua kava, nozeli mbili, zile za kupulizia mafuta kwenye injini, zilikuwa zimezungukwa na ukoko mweusi, mgumu, unang'aa kama lami. Washa za shaba, yaani vile vipete vya kuziba chini ya nozeli, zilishachoka, gesi ya mwako inapanda na kuchanganyika na oili.

Washa yenyewe si ghali. Ubaya ni huko unakokwenda ule ukoko: unashuka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, unaziba chujio la kuvutia oili, na taa ya oili ikija kuwaka mara nyingi injini imeshaumia. Kwa hiyo ukinunua gari la aina hiyo, kumwaga oili hakutoshi. Fundi ashushe sampu, mtazame wote wawili. Akileta uvivu, tafuta mwingine.

Kipara wa Songea
Yangu ni fremu. Imepinda nyuma ya kebini, ukiitazama kwa ubavu unaona bodi imelala kwa nyuma. Niliichukua hivyo hivyo kwa bei ya kutupa, nikijua. Mwenye nayo wa kwanza aliongeza majani ya springi, basi akawa anapakia tani mbili kwenye gari la tani moja. Springi zinavumilia, fremu haivumilii. Hapo msitafute kiwanda cha kulaumu.

Mpunga wa Ifakara
Tani mbili? Kwetu hapo konda bado anaita abiria wapande juu ya magunia 😂

Msukuma wa Minnesota
Huku fremu zinaliwa na kutu kwa chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Kuna kesi maarufu: mwaka 2016 Toyota ilikubali kumaliza shauri la fremu za pikapu zake za Tacoma za 2005 hadi 2010, pamoja na Tundra na Sequoia za baadhi ya miaka hiyo, magari kama milioni 1.5. Zilizotobolewa na kutu zilistahili kubadilishiwa fremu nzima. Hebu fikiria kazi ya kuivua kebini, injini na bodi kisha kuvirudisha.

Naleta hii kwa sababu kuna ndugu wananiagiza pikapu kutoka huku. Nikienda kuangalia nabeba nyundo ndogo na bisibisi. Chuma kizima ukikigonga kinalia vizuri. Kilichooza sauti yake butu, na magamba yanakudondokea usoni. Gari kuukuu lililopakwa rangi nyeusi mbichi chini kote, mimi naliacha hapo hapo.

BintiTanga
Naomba tusiiruke eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka wakati wa ajali. Mume wangu alinunua pikapu kwa mtu, taa ya eabegi haijawahi kusumbua, tukaona tumepata gari safi. Fundi umeme akafungua swichi, akaniambia, "Dada, hesabu taa." Oili, betri, breki, zote zimewaka. Ya eabegi kimya. Inatakiwa iwake sekunde chache, halafu izime. Kufungua dashibodi, taa imezibwa kwa tepu nyeusi ya umeme, na ndani ya usukani hamna kitu, kava tupu.

Na ambao bado mnayo iliyokuja na gari, kisa cha Takata, kampuni ya Kijapani iliyotengeneza eabegi, kinawahusu. Baruti yao ya kuujaza mfuko ilikuwa ya amonia naitreti. Joto na unyevu wa miaka vinaiharibu, siku ya ajali inalipuka kwa nguvu kupita kiasi, kopo lake la chuma linapasuka na vipande vinamrukia dereva. Nani anakaa kwenye joto na unyevu kuliko sisi wa pwani? Pikapu zimo: Januari 2018 Ford iliwaambia wenye Ranger za 2006 zipatazo 2,900 huko Amerika Kaskazini waache kabisa kuziendesha, baada ya kifo cha dereva mwaka 2017. Mazda ikafuata kwa pikapu zake za B-Series.

Kipara wa Songea
Dada, eabegi kwenye vumbi la huku? Mimi breki ikishika inatosha.

BintiTanga
Ikishika huihitaji, kaka. Tunaongelea siku ambayo haikushika.

Mpunga wa Ifakara
Sasa gari limetoka Japani, barua ya kuliita inanifikiaje mimi wa Ifakara?

Wakala Mstaafu
Haikufikii, kijana wangu. Barua inakwenda kwa aliyesajiliwa kule, na gari likishafutiwa usajili ili lisafirishwe, imeishia hapo. Utafute mwenyewe.

Omba namba ya chesisi kabla hujalipa. Gari la soko la Japani namba yake ni fupi: herufi na namba za modeli, kistari, kisha tarakimu sita au saba. Tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, inataka namba yenye herufi na tarakimu 17, ndiyo maana wengi wanaijaribu na kugonga mwamba. Nenda kwenye tovuti ya Kijapani ya mtengenezaji, utafute ukurasa wa magari yaliyoitwa; simu itakutafsiria. Ukikuta kasoro haijarekebishwa, mtumie muuzaji picha ya ukurasa huo, alipeleke kwa wakala kule kabla halijapanda meli. Kule ni bure.

Na jambo moja: Hilux iliacha kuuzwa Japani 2004, ikarudi 2017 ikitokea Thailand. Ya miaka ya katikati ukiambiwa imetumika Japani, muulize muuzaji vizuri.

Mpunga wa Ifakara
Shikamoo mzee, ninayo namba ya moja iko Yokohama, naiingiza usiku huu. Wenye gia boksi za otomatiki mbona kimya?