MJADALA: Mraibu aliyetulia apewe dozi ya methadoni aende nayo nyumbani, au aendelee kuifuata kliniki kila siku?

Wakuu habari za jioni. Hii ishu ikitajwa mtaani kwetu Temeke watu wanaishia kugombana, na mi inanigusa maana mdogo wangu naye yupo kwenye dozi.

Kwa asiyejua, methadoni ni dawa ya maji ya kunywa wanayopewa waliokuwa wanatumia heroini. Muhimbili walianza 2011, Mwananyamala wakafuata 2012, leo zipo kliniki mpaka Mbeya, Mwanza na Zanzibar, na inatolewa bure. Unga ukimtoka mtu mwilini, masaa machache tu, arosto inamshika, mwili wote unauma, anatapika, anaharisha, hapo ndo anang'oa koki yako akauze chuma chakavu. Methadoni akinywa mara moja inamshika siku nzima, anatulia, anakaa anaongea na mama yake vizuri.

Shida ni kwamba ni siku moja tu. Kliniki ya mdogo wangu, kesho lazima arudi anywe mbele ya nesi, iwe Jumapili, iwe Idi, iwe mvua. Miaka mitatu hajagusa kete, akapata kibarua cha kufyatua tofali, kazi inaanza alfajiri na yeye muda huo yupo kwenye daladala anafuata dozi, akachelewa wiki moja tu fundi akachukua mwingine. Sasa akishakunywa anakaa pale nje na wenzie maana siku imeshakatika, na wauza unga wanajua kabisa wateja wao wa zamani wanakaa wapi. Inaniuma sana hii, tumemtoa kijiweni kwa shida halafu ratiba ya matibabu inamrudisha kijiweni.

Mjumbe wetu anapinga, anasema wataiuza. Kweli wapo watakaouza. Na kubwa zaidi kuna watoto majumbani, dozi ya mtu mzima akiinywa mtoto inaweza kumuua, inazima pumzi, kwaiyo sisemi wagawiwe wote kama panado. Nasema yule aliyekaa muda mrefu, akipimwa mkojo uko safi, ana ndugu wa kumsimamia, apewe ya siku tatu nne kwenye kisanduku chenye kufuli, arudishe chupa tupu, akikosea anarudi kunywa kliniki kila siku.

Halafu kuna wanaosema kamata wote weka ndani. Kwa wafanyabiashara sawa kabisa, sheria ya 2015 ina mpaka kifungo cha maisha na mi naiunga mkono, hao wanaoshusha mzigo wa Afghanistan kwa majahazi wasionewe huruma. Ila mtumiaji ukimuweka mahabusu dozi yake inaweza kukatika, akapigwa arosto mle ndani, na akitoka mwili umeshasahau unga, akirudia kipimo chake cha zamani anaweza kufa siku hiyo hiyo. Tumezika kijana hivyohivyo mtaa wa pili, katoka ndani Ijumaa tukamzika Jumapili.

Nawauliza hasa manesi na nyie wenye ndugu kwenye dozi, mtu akae safi muda gani ndo aaminiwe na chupa? Mi nasema mwaka mmoja unatosha. Anayepinga aje na sababu, ila tusiitane mateja humu, kuna mama zao wanasoma.