Naomba ushauri: PDG ya Houdini inakubali picha mbovu baada ya umeme kukatika

Wakuu, heshima kwenu. Nafundisha vijana 8 hapa Bagamoyo kupanga kazi za Houdini (programu ya picha za 3D na athari kama moshi) kwa PDG, mfumo wake wa kupanga na kuendesha kazi kwa mfuatano. Kompyuta zina RAM ya GB 16. Zoezi ni moshi wa jiko la kukaangia samaki: nodi (kituo kimoja cha kazi) ya Wedge inatoa matoleo 6 ya upepo, fremu 120 kila moja.

Simulesheni tumeshaiweza. Local Scheduler (kigawa kazi cha kompyuta yenyewe) ilikuwa inaendesha kazi mbili kwa pamoja, RAM inajaa, mashine inaganda. Nikaiachia nafasi 1. Fremu zote za simulesheni zinakwenda kwa bechi (kundi) moja, la sivyo kila fremu inakokotoa moshi upya tangu ya 1. Jina la faili lina @wedgeindex (namba ya toleo) ili matoleo yasifutane.

Kinachotushinda ni hatua ya kurenda, yaani kuugeuza moshi kuwa picha. Umeme ukikatika, picha mbili tatu za mwisho zinabaki na KB 0. Tukiwasha tena, kache (matokeo yaliyohifadhiwa) ikiwa kwenye mpangilio wa Automatic, PDG inaangalia tu kama faili lipo, inaweka alama ya kijani na kusonga mbele. Video inatoka na fremu nyeusi katikati! Kufuta matokeo yote ya nodi kunaondoa hata picha zisizo na kasoro. Kufuta kwa mkono vijana wanasahau.

Naomba kujua:
Je, nitangulize nodi ya Python ifute faili ndogo, na kiwango kiwe KB ngapi wakati fremu za mwanzo, zisizo na moshi, kwa kawaida ni nyepesi? Au turende kwa jina la muda, kisha tulibadilishe picha ikikamilika?

Kwa wanaoanza, ipi ni rahisi kuielewa?